Inatekenya Tu

Mkono wa kushoto nauweka mgongoni.
Ndivyo alivyonifunza Mihayo,
na Mihayo alifunzwa na kovu lake.

Karakana yetu iko Isevya, chumba na nusu
nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga;
kila ikiwashwa, taa zetu hufumba jicho.
Tunaunda vidhibiti joto vya kutotolea vifaranga:
boksi la bati, saketi ndani, skrubu sita,
rangi ya kijani aliyoichagua Nyanzala
kwa kuwa, alisema, kuku hawaogopi kijani.

Leo nimefika boksi la kumi na saba.

Waya mbili za umeme nazifunga pamoja, ziwe ndugu.
Koleo moja la kipimo linang'ata hapo,
la pili linang'ata bati lenyewe,
pale atakaposhika mtu.
Kisha napandisha polepole: volti mia tatu, mia nane,
elfu,
elfu na mia tano.
Nyumbani kwa mteja hautafika hata robo yake,
ila Novemba radi ya Unyanyembe haipigi hodi.
Nami boksi naliuliza neno moja:
ukisukumwa hivi, siri utaitunza?

Dakika nzima.
Kipimo kinavuma kama mzinga wa gome
uliotoka Sikonge na nyuki wake ndani.
Ndipo ananijia Mama Kabula wa Ng'ambo,
na friji lake la soda,
mpini umeviringwa kipande cha kanga.
"Inatekenya tu," alituambia watoto,
"shikeni kwa kitambaa."
Tukashika kwa kitambaa, tukanywa, tukacheka.
Miaka minne ilitekenya.
Mwaka wa tano, asubuhi, alikuwa anapiga deki,
peku.

Sijui zilipita sekunde ngapi.

Kengele. Taa nyekundu.

"Limevuja?" anauliza Nyanzala.
"Limevuja."
"Sana?"
Mlangoni amesimama mteja, katoka Urambo na lori la mbao,
pesa kalipa, mayai mia mbili yanangoja joto.
"Si ulipime tena. Labda mashine imechoka."

Kihami hakisahau, Nyanzala.
Kila pigo hulihifadhi,
na ukikipiga mpaka kikubali
umekifundisha kusema uongo.

Nateremsha hadi sifuri. Naliacha boksi lipumue,
maana umeme uliokatwa hubaki kidogo
kama neno lililokwisha semwa.
Mteja anasogea, mkono mbele, ataka kuona rangi.
Namdaka kiganja. Bado, mama.

Skrubu ya nne ndiyo. Ndefu kwa milimita mbili.
Ncha yake imeinamia njia ya shaba,
haijagusa. Ingegusa ningeiona kwa macho.
Umebaki upenyo wa ukucha, na umeme umeuruka
kama mbuzi arukavyo mfereji.

Skrubu zile nilinunua mimi, sokoni, Jumanne,
fupi zilipokwisha.
Nikajiambia: milimita mbili tu.
Hiyo "tu" nimeitoa wapi?

Nyanzala hasemi kitu. Anamshika mteja bega,
anamwomba alale kwa dada yake leo.
Anarudi na bisibisi ya pili,
anashusha rafuni yale kumi na sita yaliyofaulu,
anavuta kigoda.

Skrubu ya kwanza inalia kidogo ikitoka.