Siku Kama Yeo

Saa mbili kasoro robo. Kabla ya tanzia
na kitambulisho kilichookotwa Mkomani
nina dakika kumi na moja na daftari la ami yangu,
limeliwa na mchwa hadi Machi.
Tarehe kumi na mbili Novemba. Nasoma.

Sitini na moja: bendi ya Langoni yavunjika
kwa ajili ya kodiani moja.
Gambusi likaenda na mjomba, kodiani na shemeji,
mpiga dumbaki akabaki katikati ya njia, ngoma kwapani,
akiulizwa na kila apitaye: wewe u wa wapi?

Sabini na tatu: harusi ya kina Shekuwe.
Jenereta yakata roho, ubeti wa kwanza haujaisha.
Wanawake wakatwaa pembe za vugo.
Ami ameandika tu, "Ilikuwa bora,"
kalamu imekandamiza hadi ukurasa wa nyuma.

Halafu sabini na tisa. Hii ndiyo.
Katoni ya kanda arubaini kutoka Mombasa,
wimbo mpya wa Somoe Badi,
ikateremshwa gatini, ikawekwa chini watu walipane,
na punda wa Kupi, ambaye hakuwahi kupenda kitu,
akaikanyaga.

Ikapona moja.
Ami akaifungua kwa wembe,
akaunga utepe kwa rangi ya kucha,
akaizungusha kwa kalamu ya wino,
na mji mzima ukanakili kutoka hiyo.
Shela wakanakili, Matondoni, Kizingitini hata Faza,
kila nakala na pengo lake, ubeti wa tatu:
"Nalikupa ufunguo, ukanilipa kwa —"
kimya, kiasi cha kumeza mate,
kisha fidla.

Mizani mbili tu zimeliwa.
Ni mwiba? Ni tusi? Ni moshi?
Watu walinuniana barazani, kisha wakazoea.
Biharusi aliinua macho hapo.
Mpishi wa pilau alifunika sufuria hapo.
Sisi watoto, kamba ikizunguka,
hapo ndipo tulipochupa.

Themanini na sita, siku kama yeo,
Somoe akaja mwenyewe na buibui lake la hariri.
Uwanja ukafurika. Ubeti wa tatu ulipofika
aliliimba neno.

Watu wakageukiana.
Mwanamize wa Lali, mstari wa mbele, tambuu shavuni,
akasema kwa sauti ya kumsitiri mgeni:
"Amekosea, maskini."

Ami hakuliandika lile neno. Nimepekua.
Ameandika bei ya tikiti, shilingi kumi na tano,
na kwamba wimbo ulirudiwa, mara hiyo sawasawa:
Somoe alifika pale, akafunga mdomo,
akatusubiri.

Nawawekea sasa. Kanda ni ile ile,
ingali yanuka rangi ya kucha.
Aliye jikoni apunguze moto.