Karatasi Yenye Kiu

Nilda Colque hana maabara.
Ana chumba cha nyuma kwenye shule ya ufundi, Oruro,
dirisha lililozibwa kwa gunia la unga,
pasi ya mkaa aliyoirithi kwa mamake,
boksi la chujio za kahawa
na kalamu za nta za mwanawe, nyeusi tu;
nyekundu na njano mtoto kazificha.

"Choreni ua," anatuambia, "lenye mikono mitatu.
Shina hapa, ndipo maji yatakapoingilia.
Msiibane njia. Nta ikipata joto hutanuka,
kama mgeni uliyempa ukingo wa kitanda."

Tunachora mbele, tunageuza, tunachora nyuma,
mstari juu ya mstari, tukilinganisha kwa mwanga wa balbu.
Kisha gazeti la jana chini, la juzi juu,
na pasi inapita mara moja, polepole,
ile ile iliyonyoosha kola za mainjinia wa mgodi
miaka kumi na minane, shati kwa senti.
Nta inazama. Karatasi inapata kuta
nyembamba kuliko ukucha,
na kati ya kuta, uchochoro mweupe wenye kiu.

La kwanza lilivuja.
La pili lilivuja.
Baridi ya huku juu hugandisha kila kitu kabla ya wakati wake:
supu, salamu, nta.
Ilikuwa imeshika uso tu, haikufika moyoni,
na maji yakapita chini kwa chini
kama mwizi anayeijua nyumba.
Froilán akacheka. Nilda hakucheka.
Aliongeza makaa, akaitemea pasi mate,
akangoja mpaka mate yaruke.
La tisa halikuvuja.

Kwenye mkono mmoja, tone la mahindi ya zambarau
kutoka kwa Doña Saturnina, muuza api wa pale kona;
hakutaka malipo, alitaka sufuria yake irudi.
Kwenye wa pili, chai ya rangi, kali, iliyolala usiku kucha.
Wa tatu tuliuacha mtupu.
"Lazima awepo asiyejua lolote," Nilda alisema,
"tupate wa kumlinganisha na wanaojua."

Gharama ninazo daftarini.
Chujio moja hutoa maua sita.
Nta, ncha ya kalamu. Chai, ilikuwa ya kumwagwa.
Mkaa ndio uliotutia hasara.
Mashine ya La Paz tuliambiwa tuingoje miezi mitano,
na bei yake ni nyumba yetu pamoja na ya jirani.

Jumamosi tukashuka mtoni, chini ya mgodi wa Santa Rufina,
mahali ambapo lama hawainamishi tena shingo.
Nikachovya shina.
Tulifundishwa kwamba maji hayapandi mlima.
Njoo uone yanavyopanda,
bila pampu, bila mkono wa mtu,
uzi kwa uzi, kama mafuta kwenye utambi,
na yakifika njia panda yanagawana bila ugomvi.
Nikahesabu hadi mia na arobaini.
Mahindi yakawa mekundu kama ufizi.
Chai ikaanza kahawia, ikasita,
ikageuka wino.
Mkono mtupu ukabaki mtupu.

Hatukushangilia. Mto tuliujua;
rangi yake ya kutu haihitaji karatasi.
Ndipo Nilda akatoa chupa mfukoni,
maji maangavu, akachovya ua jingine
bila kusema aliyateka wapi.
Chupa niliijua. Ndiyo tunayonywea kila jioni
tukimaliza kupiga pasi.

Sikuhesabu. Nilitazama uso wake badala ya ua,
kwa hiyo sijui sekunde zilikwenda ngapi
kabla hajalilaza gazetini likauke
na kuandika pembeni, kwa penseli, tarehe,
na chini ya tarehe, *nyumbani*.

"Choreni mengine," akasema. "Ishirini. Kila mlango wa mtaa wetu.
Na kalamu nyeusi imekwisha.
Mmoja wenu akambembeleze mtoto
atupe ile nyekundu."