Maharagwe ya Eduvina

Osorno mvua haibishi hodi, ni mwenyeji.
Saa mbili asubuhi Eduvina Barrientos
anafuta ukungu kwenye kioo cha gari,
anafungua daftari la majina asiyoyajua
na kopo la maharagwe makavu, sitini.

Anauza matangi ya kupozea maziwa.
Kila "hapana," haragwe moja latoka koponi,
laangukia sufuria kwenye kiti cha abiria.
Ti.
Mwenye ng'ombe mia: "Ninalo la marehemu baba, lanitosha."
Ti.
Shamba la pili, mbwa ndiye aliyejibu.
Ti.
Simu iliyokatwa kabla hajamaliza jina lake
aliihesabu mara mbili, kwa hasira.

Zamani alihesabu mauzo tu.
Miezi mingine hakuwa na cha kuhesabu,
akashinda kitandani, simu chini ya mto.
Sasa anahesabu milango.
Kubisha ni kwake; kufungua ni kwao.

Saa tisa koo limekauka, kidole kizito.
Bado kumi, mama, supu haijashika.
Anapiga.
"Njoo Alhamisi," asema mzee Huenchur,
"ng'ombe wakishazaa. Lakini sinunui."
Eduvina anakodolea haragwe kiganjani:
si la sufuria hili, wala si la kopo.
Analitia mfukoni.

Usiku wanakula ya jana, yaliyolala majini,
kwa viazi na kitunguu. Mwanawe aongeza bakuli:
"Mama, jana ulikataliwa vizuri!"
Anacheka mpaka kijiko kinamwaga.

Koti limetundikwa mlangoni, linachuruzika.
Mfukoni, haragwe la Huenchur
limeanza kuvimba.