Mizani ya Langoni

Shekuwe yuko Minesota, Famau yuko Teksasi.
Kila Ijumaa hunigombania kwenye simu
kama walivyogombania ukoko.

Huku, mama, asema Shekuwe, kuna bustani ya umma,
maktaba, basi lisilochelewa. Baridi ipo,
lakini baridi dawa yake koti.

Famau acheka. Na koti lako umelinunua kwa kiasi gani?
Mimi nina vyumba vinne kwa bei ya jiko lako,
na mshahara wangu jimbo haliugusi.

Nami niko daka la nyumba, nachambua mchele,
chuya huku, punje kule,
simu nimeiegemeza kwenye kibuyu cha siki.

Shekuwe, jirani yako wa kushoto aitwaje?
Kimya. Nasikia upepo wa kwake ukikwaruza kioo.

Famau, mara ya mwisho ulikwenda wapi kwa miguu?
"Hadi kwenye gari, mama."

Sijisifu. Kwetu Langoni maji ya bomba huja kwa miadi,
punda wa mchanga wameziba kichochoro,
na jicho langu la kulia lina ukungu tangu Rajabu;
daktari yuko Mombasa.

Nilikuwa nikitafuta la kuwashinda
Famau akaniwahi, kwa sauti ya utotoni:
"Na dawa ya jicho, mama, anakutilia nani?"

Mwanatumu, wa nyumba ya pili.
Hakosi hata siku moja.
Ila mkono wake watetemeka, mwanangu.
Nusu huingia sikioni.