Viti Mia Tatu Kasoro Kimoja

Kalenda ya benki niliyopewa bure naipendea picha tu.
Mwaka wangu umo katika daftari lililong'oka jalada
na katika viti vya plastiki
ninavyovipandanisha kumi kumi ukutani, hapa Mabatini,
kila kimoja N.K. mgongoni kwa rangi nyekundu.
Nkwimba Kadushi.
Mkodishaji. Kadi za mwaliko hazinifikii, simu hunifikia.

Kiti hurudi na habari.
Nikikuta unga wa zambarau kwenye mikunjo yake
siulizi. Vijana wa kina Hasmukh wamerushiana rangi
nyuma ya hekalu, na yule mtoto wa Kikurya wa duka la jirani
karushiwa, naye karusha.
Nta iliyoganda ni mkesha wa Pasaka,
mtu kasinzia mshumaa mkononi.
Punje ya wali tunduni, inanukia iliki,
hiyo ni Maulidi kwa Bi Zuwena,
anayenirudishia viti na sinia juu yake, kawa limefunika,
kisha anasema, deni tutazungumza mwezi ukiandama.

Mwezi upi, Bi Zuwena?
Maana mwezi ndiye mwajiri wangu, na hana adabu.
Idi kila mwaka inajisogeza mbele siku kumi na moja,
mgeni anayebisha hodi ungali unafagia.
Jioni ya kuutafuta tunapanda majabali, wa dini zote,
na mimi Mkristo wa Jumapili moja moja
nakodoa macho kuliko shehe,
kwa kuwa Lushinge yuko kwenye usukani
anangoja kuambiwa, ni kesho au kesho kutwa.
Chini yetu ziwa limewasha taa za dagaa,
utadhani kuna mtaa umehamia majini usiku
bila kulipa kodi.
Diwali nayo hupenda giza hilohilo.
Vibatari ngazini kwa kina Hasmukh, karabai ziwani,
na umeme ukikatika usiku huo
hakuna anayeulaani.

Bulabo, Bujora, mwezi wa sita:
viti mia tatu, na hakuna aliyekaa.
Nani akae, Wagika na Wagalu wakigombea watu?
Huku mtu kajivika chatu,
kule majembe yanarushwa, yanadakwa,
umati unahama kama maji ndani ya beseni,
na bibi mmoja kapanda juu ya kiti changu
anapiga vigelegele, kanga imemtoka kiunoni.
Mama, kitavunjika.
Nitakununulia, akasema. Kikavunjika.
Hajaninunulia mpaka leo, wala sikumdai,
maana na mimi nilikuwa nimesimama juu ya cha pili.

Nane Nane huleta vumbi. Krismasi, visoda.
Hayo niyapite.

Ila tarehe ishirini na moja ya mwezi wa tano
napeleka viti Igoma, makaburini,
na daftari nalilaza nyumbani.
Wanakuja wa ng'ambo ile na wa ng'ambo hii,
waliowapa ndugu zao nauli ya meli.
Wengine wamezeeka kuliko huzuni yao,
wanaulizana bei ya senene.
Mzee Rwechungura hachanganyiki nao.
Hubeba kiti chake mpaka safu ya mwisho,
akakaa kama mtu aliyefika mapema stesheni.
Tunakusanya, tunafunga turubai, yeye bado.
Lushinge huniangalia. Namwambia, washa gari.
Usiku nahesabu mia mbili tisini na tisa,
nalala vizuri.

Kesho yake alasiri anakileta kwa baiskeli,
kimefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi.
Hasemi kitu ila ahsante, na maji hanywi.
Kiti kimesuguliwa kwa sabuni na mchanga,
cheupe kuliko vyote,
hata N.K. yangu imebaki N tu.

Kila mwaka naipaka upya.
Mwaka huu rangi ilikuwa bado mbichi
simu ikalia. Bi Zuwena:
eti, huko kwenu juu, mmeuona?