Kofi Moja

Gwamaka ana kipimo chake: kofi moja.
Hapimi chumba kwa hatua, haulizi kodi,
anasimama katikati, anapiga,
kisha anainua kidole, nasi tunabana pumzi
tusikie chumba kinajibu nini.

Gereji ya Mafiati ilijibu mara tatu,
kama sufuria iliyoponyoka ngazini.
Subilaga akajifunga kitenge upya, akasema,
"Hapa nitaimba na mapacha wawili nisiowaalika."
Fundi alikuwa chini ya Fuso;
bei tulitajiwa na miguu.

Ukumbi wa kanisa, kule Sisimba,
kofi lilirudi limevaa suti.
Tukatazamana: ndicho.
Katibu akaomba orodha ya nyimbo,
akaisoma na kalamu nyekundu mkononi.
Kati ya kumi na nne zikapona mbili,
na mojawapo haina maneno.

Iyunga, chumba kinachopakana na reli:
Ipyana wa dramu alikipenda
hadi mabehewa ya mizigo yalipopita.
"Hayo yanashika mapigo kuliko wewe," akaambiwa.
Akasusa mpaka Kabwe.

Banda la kuku la Ituha, manyoya bado kwenye wavu,
sikumbuki lilijibu nini.
Nilikuwa napiga chafya.

Jumamosi tano hivyo,
kinanda mgongoni kama mtoto mkubwa asiyetaka kutembea,
baridi ya Juni imening'ata ncha za vidole
hata nyuzi za besi zikawa seng'enge.
Kila chumba kilikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa ya kweli,
lakini nilianza kuona kwamba tunazitafuta.

Miaka sita tulifanyia mazoezi sebuleni kwa mama yake Ambele,
makochi yamesukumwa, vitambaa vya kufuma vimekunjwa juu ya kabati.
Yeye jikoni, sisi huku, ukuta mmoja kati yetu.
Ukikosea, aligonga ukuta kwa mwiko.
Mara moja.
Hakuwahi kugonga mahali pasipo kosa.
Sasa sebule ile ina magodoro ya ndugu waliopanda kutoka Tukuyu,
na picha yake ukutani, upande uleule.
Ambele hakutuambia tuondoke.
Ni sisi tulioenda kuchukua spika, tukazibeba tukinyata,
viatu tumeviacha mlangoni.

Uyole tulifika jioni, ukungu unashuka.
Ghala la viazi la bwana Mahenge,
magunia ya lumbesa mpaka kwenye kenchi,
udongo mbichi unanuka hadi kooni.
Gwamaka akapiga kofi.
Likaenda.
Tukangoja, kidole kiko juu.
Halikurudi.

"Hiki kimekufa," akasema Ipyana,
akajiuma ulimi.
Na Ambele, ambaye kwa Jumamosi tano hakuchagua wala kukataa,
akaegemeza gitaa kwenye gunia,
akauliza soketi iko wapi.

Masharti ya Mahenge: elfu arobaini kwa mwezi,
na lori likija, hata katikati ya kiitikio,
mnaweka vyombo chini, mnabeba.

Basi muziki wetu umefungwa kwenye bei ya viazi.
Bei ikianguka ghala hujaa, tunapiga tumebanana,
kila noti kavu, hakuna pa kuficha uongo.
Bei ikipanda magunia yanakwenda Dar,
sakafu inapanuka,
na mwangwi unarudi, gunia kwa gunia.

Alhamisi iliyopita tulipakia mia na themanini.
Vumbi mabegani, ghala tupu, balbu moja.
Tukaanza tena pale tulipoachia.
Ipyana akateleza kwenye pigo la tatu,
kidogo tu, mgeni asingejua.

Tukanyamaza wote kwa pamoja,
tukageukia ukuta.