Mguu wa Klachi

Mguu wa kushoto ulibaki Ndanda.
Kisukari kilianza kwenye kidole, kikapanda,
daktari akakata chini ya goti,
na baba alipozinduka, swali lake la kwanza:
"Klachi nitakanyaga na nini?"

Miaka thelathini na moja alishusha korosho
kutoka Newala hadi maghala ya Masasi.
Kona za mteremko hakuziita kwa majina, aliziita kwa gia:
pale pa tatu, pale pa pili,
pale pa pili na Mungu.
Sasa Korola yake ilikaa uani,
kuku akatotoa kwenye kiti cha nyuma.

Mnada wa tatu ulipolipa nikaenda kwa fundi Mchopa.
Akajikuna kisogo kwa bisibisi.
"Dada, kununua jingine ni rahisi kuliko kulibadili hili."
Najua. Newala nzima imeniambia.
Lakini jingine baba halitaki,
nami sitaki kumwona kwenye kiti cha abiria
akikanyaga mkeka.

Giaboksi ya otomatiki ikaja na basi kutoka Gerezani,
ndani ya gunia la sembe, ikivuja mafuta mekundu.
Kondakta akadhani nyama,
akadai nauli ya nyama.

Siku kumi na tisa gari likalala tumbo wazi.
Ya zamani ilishuka kwa jeki, kamba,
vijana watatu na matusi ya Kimakonde.
Ikatoka diski, ikatoka ile beringi iliyolia kila alfajiri
mpaka jirani akaacha kufuga jogoo.
Shafti ikawa ndefu, wakaikata, wakaichomelea.
Nyaya kumi na saba hazikuwa na kwao.
Bei ikapanda. Nikauza mbaazi.
Bei ikapanda tena. Cherehani
sikumwambia baba.

Pedali ya klachi iling'olewa mwisho.
Likabaki tundu, unaona mchanga.
Tukaliziba kwa bati na kipande cha tairi.

Akaja na magongo yake, akachungulia.
P, R, N, D.
"Herufi," akasema. "Kumbe gari lilipelekwa shule.
Na namba zangu?"
Akasonya, akaingia.

Tulipita soko, tukapita ofisi ya ushirika,
akiendesha kama aliyepakatishwa mtoto wa mtu.
Mteremko ulipoanza akasimama kabisa.
"Hili litanishika, au litanimwaga?"
Mchopa, kiti cha nyuma, kwenye manyoya ya kuku:
"Weka L, mzee."

Injini ikanguruma, ikajivuta nyuma
kama mbuzi anayekataa kamba.
Hapo nikaliona goti la kushoto likinyanyuka,
suruali iliyopigwa pini ikashuka
chini, mpaka mwisho,
na mkono ukatafuta rungu la gia
mahali lilipokuwa.
Kila kona akakanyaga kisichokuwepo,
kila kona gari likabadili likiamua lenyewe.

"Limechelewa," akasema.
Kona nyingine: "Limechelewa tena."
Kona nyingine: "Hili jinga."

Karibu na chini alinyamaza kona nzima,
goti likatulia.
Sikumuuliza. Nilikuwa nahesabu nguo za watu
nilizoahidi kushona kabla ya Idi.